Anayedai ndiye athibitishe deni

Kijana wa Kenya anayeomba kazi ya serikali huambiwa aje na rundo la vyeti: cha tabia njema kutoka polisi, cha mamlaka ya kodi, cha bodi ya mikopo ya elimu ya juu, cha tume ya maadili na kupambana na ufisadi, na cha kampuni ya taarifa za mikopo, ile ambayo kila mtu huiita CRB. Wapo wanaokwama kwenye hicho cha mwisho. Wanakuta jina lao lina deni la shilingi elfu mbili au tatu walilolipa zamani, au ambalo hawakuwahi kulichukua.

Hapo kishawishi ni kimoja: lipa, yaishe. Kiasi ni kidogo na kazi haisubiri. Gazeti hili linasema kulipa deni lisilo lako ni kosa, na mfumo unaomfikisha mtu mahali pa kulipa deni la namna hiyo una kasoro.

Kanuni za Kenya zinaeleza kwa nini. Taarifa mbaya ya mkopo hukaa kwenye kumbukumbu kwa miaka 5 tangu siku deni lilipomalizwa. Kulipa kunabadilisha maelezo kutoka "hajalipa" kuwa "amelipa kwa kuchelewa", lakini hakufuti historia. Aliyelipa deni la mtu mwingine amepata cheti cha leo, na pia amekubali kwa vitendo kwamba deni lilikuwa lake. Benki atakayoiendea mwaka ujao itaona hivyo.

Makosa haya yana njia nyingi za kuingia. Namba ya simu iliyoachwa na mtu mmoja hupewa mwingine, na deni likafuata namba. Kitambulisho kilichopotea hutumiwa na tapeli kukopa kwenye simu. Mkopaji hulipa, lakini mkopeshaji hasahihishi kumbukumbu. Na kuna hili linalowachanganya wengi: mkopeshaji anapolikabidhi deni kwa wakala wa kukusanya madeni, au kuliuza kabisa, deni lile lile linaweza kuonekana mara mbili, kwa majina mawili, kana kwamba mtu amekopa kwingi. Wakala naye huwa na jina na kiasi tu. Mkataba hana, na ukimuuliza riba imefikaje hapo atakurudisha kwa mkopeshaji.

Si kwamba Kenya haikufanya lolote. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa kupeleka majina CRB, na ikaagiza deni lililo chini ya shilingi 1,000 lisimchafulie mtu jina. Kanuni za 2022 za watoa mikopo ya kidijitali zilipiga marufuku vitisho, matusi na tabia ya kuwapigia simu ndugu na marafiki wa mdaiwa. Novemba mwaka huo ukaja mpango wa kusafisha rekodi, ambapo benki ziliombwa kusamehe angalau nusu ya mikopo midogo ya simu iliyokwama. Walengwa walikuwa zaidi ya milioni 4. Hatua hizo zilikuwa njema, lakini msamaha humfaa mwenye deni. Asiye na deni hahitaji kusamehewa nusu. Anahitaji jina lake litoke.

Kwake yeye njia ipo, ingawa wachache wanaifahamu. Kila raia ana haki ya kupata ripoti yake ya mikopo bila malipo angalau mara moja kwa mwaka. Aisome kabla hajaihitaji. Akiona deni asilolitambua, aandike kwa CRB na nakala kwa mkopeshaji, ataje kipengele anachokipinga na sababu, aambatishe ujumbe wa malipo wa simu, taarifa ya benki au ripoti ya polisi ya kitambulisho kilichopotea, kisha atunze nakala yenye mhuri au tarehe. Asiishie kwenye simu, kwa sababu maneno ya simu hayana ushahidi. CRB inatakiwa kuweka alama kwamba kipengele hicho kinapingwa, kumwuliza mkopeshaji, na kurekebisha au kufuta kisichothibitika. Akipuuzwa, aende Benki Kuu, au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria ya 2019 inampa haki ya kusahihishiwa taarifa za uongo na hata kudai fidia. Kamishna huyo si wa mapambo: mwaka 2023 alizitoza faini kampuni za mikopo ya simu kwa kutumia vibaya taarifa za watu.

Lakini angalieni mzigo umelala wapi. Anayesingiziwa ndiye anayepanga foleni, anayepiga chapa na anayepoteza siku za kazi. Mkopeshaji alibonyeza kitufe tu. Kanuni zinamtaka amjulishe mteja siku 30 kabla ya kupeleka jina lake, lakini ujumbe uliotumwa kwenye namba ambayo mtu aliiacha miaka mitatu iliyopita haujamjulisha mtu yeyote. Tunapendekeza jambo rahisi: kabla jina halijapelekwa, mkopeshaji au wakala awe na mkataba, tarehe, namba iliyopokea fedha na hesabu ya riba, tayari kuvionyesha siku atakapoulizwa. Asiye navyo asipeleke jina la mtu.

Jambo hili si la Wakenya peke yao. Mfumo wa taarifa za mikopo ulianza kazi Uganda mwaka 2008. Kenya ilitoa leseni ya kwanza mwaka 2010, Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2012, na Rwanda ikapitisha sheria mpya mwaka 2018. Benki zilizozaliwa Nairobi zina matawi Kampala, Kigali, Dar es Salaam na Kinshasa. Tangu Julai 2010 tuna Itifaki ya Soko la Pamoja, na ni halali kutamani siku ambayo mfanyabiashara wa Busia au Namanga mwenye sifa njema upande mmoja ataaminiwa na benki ya upande wa pili.

Siku hiyo ikifika, sifa mbaya nayo itavuka mpaka, ikiwemo ile ya kusingiziwa. Mtu aliyepata shida kusafisha jina lake Nairobi akiwa anaishi Nairobi, atalisafishaje akiwa Bujumbura? Serikali zetu zisikimbilie kuunganisha kompyuta kabla ya kukubaliana kuhusu haki: ripoti ya bure katika kila nchi mwanachama, malalamiko yapokelewe popote mtu alipo, kwa lugha anayoielewa, na uamuzi wa nchi moja wa kufuta deni la uongo uheshimiwe na nyingine zote.

Deni la haki lilipwe, na anayekwepa abanwe. Lakini jina la mtu ni mtaji wake, na kwa maskini mara nyingi ndio mtaji pekee. Anayetaka kulishika kama dhamana aje na ushahidi mkononi.