Hoja Haianzi kwa "Firstly"

Ndugu mtahiniwa, kila mwaka ninaposahihisha insha za fasihi za kidato cha nne katika somo la Kiingereza, hukutana na karatasi inayoniuma kuliko ile iliyoachwa wazi. Ni ya mwanafunzi aliyesoma kitabu, akakielewa, akaandika kurasa tatu kwa mwandiko safi, aya zikafuatana kwa "Firstly", "Secondly" na "Furthermore". Ukimaliza kuisoma unaijua hadithi yote, lakini hujui mwenye insha anadai nini. Swali lilimtaka athibitishe, yeye akasimulia. Alama anazoambulia hazilingani na jasho lake.

Maoni yangu ni haya: wengi wanaopoteza alama katika maswali ya kujenga hoja hawaangushwi na sarufi. Wanaangushwa na kutojua kila sentensi waliyoandika inafanya kazi gani. Nasi walimu tuna sehemu yetu ya lawama, kwa kuwa huwakaririsha mifupa ya insha kabla hatujawafundisha kuichambua hoja ya mtu mwingine.

Darasani umesikia majina ya sehemu za hoja: "claim", "reason", "evidence". Hapa tuziite dai, sababu na ushahidi. Usizikariri kama orodha, zigeuze ziwe maswali. Dai hujibu: anataka nikubali nini? Sababu hujibu: kwa nini nikubali? Ushahidi hujibu: umejuaje? Ipo na sehemu ya nne ambayo mara nyingi haiandikwi, nayo ni dhana iliyojificha. Hiyo hujibu: ni jambo gani lazima liwe kweli ili sababu hii iweze kulibeba dai hili?

Tuchukue tamthiliya ambayo wengi mnaifahamu, The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka wa Nigeria. Lakunle, mwalimu wa shule katika kijiji cha Ilujinle, anataka kumwoa Sidi lakini hataki kutoa mahari. Dai lake ni kwamba mahari isilipwe. Sababu yake ni kwamba kulipa mahari ni kumnunua mke kama mali. Dhana aliyoificha ni kwamba kinachotolewa kwa ajili ya mke ni bei yake.

Sidi naye ana hoja kamili. Dai: mahari ilipwe. Sababu: akiolewa bila mahari, watu watamcheka na kusema hakuwa bikira. Dhana iliyojificha: heshima ya mwanamke hupimwa kwa macho ya kijiji. Unaona sasa kwa nini hawa wawili hawawezi kuelewana? Ugomvi wao uko chini zaidi, kwenye dhana. Mwanafunzi anayeandika kwamba Lakunle alikataa kulipa mahari ametaja tukio. Anayeeleza kwa nini alikataa, na alichokichukulia kuwa kweli bila kukisema, ameanza kujenga hoja.

Twende mwisho wa tamthiliya. Sidi amekwisha kulala na Baroka, mtawala wa kijiji. Lakunle anasema bado atamwoa, na kwamba sasa ni haki suala la mahari lisahauliwe kabisa kwa kuwa Sidi si bikira tena. Soma hapo taratibu. Dai ni lile lile, mahari isilipwe, lakini sababu imebadilika. Mwanzoni mahari ilikuwa mbaya kwa kuwa inamfanya mwanamke mali. Mwishoni haidaiwi kwa kuwa, machoni pake, "mali" imepungua thamani. Sababu ya pili imekubali kile ambacho sababu ya kwanza ilikikataa. Ukiulizwa kama Lakunle ni mtetezi wa kweli wa haki za wanawake, una aya nzima yenye dai, sababu na ushahidi kutoka kitabuni, na hukuikariri popote.

Tahadhari moja kuhusu maneno ya kuashiria. Ni kweli "because" huleta sababu na "therefore" huleta hitimisho, lakini usiyawinde maneno hayo ukafunga macho. Neno "since" katika sentensi inayosema Tanganyika ni huru tangu 1961 linataja wakati tu. Vilevile dai si lazima likae sentensi ya kwanza. Mwandishi anaweza kuanza na mfano, akaleta pingamizi la wapinzani wake, na dai lake akaliweka mwishoni. Uliza kazi ya sentensi, usiangalie kiti ilichokalia.

Najua baadhi ya walimu wenzangu watapinga. Watasema darasa limejaa, mtihani uko mlangoni, na mwanafunzi anayesuasua anahitaji mifupa ya kushikilia. Wana haki, na mimi pia naifundisha hiyo mifupa. Lakini mifupa hukuambia aya ianzie wapi na iishie wapi, haikuambii uweke nini ndani yake. Swali likigeuzwa kidogo tu, aliyekariri hukwama, na aliyezoea kuuliza "kwa nini?" na "umejuaje?" huendelea kuandika.

Kwa hiyo nakuomba ufanye zoezi la dakika 10 kila siku. Chukua kifungu chochote cha ufahamu chenye kutetea jambo. Pembeni ya kila sentensi andika D kwa dai, S kwa sababu, U kwa ushahidi. Kisha fanya hivyo kwenye insha yako mwenyewe. Ukikuta ukurasa mzima una U tupu, umesimulia hadithi. Ukikuta D tupu, unapiga kelele. Na usione aibu kuipanga hoja kwanza kwa Kiswahili kichwani, ndipo uiandike kwa Kiingereza. Hoja unazijua tangu nyumbani. Ukimwambia mama, "Naomba nichelewe kurudi, tuna majadiliano ya kikundi," umetoa dai na sababu. Akikuuliza, "Na nani na nani? Mwalimu gani amewaruhusu?" anadai ushahidi.

Kumaliza mtihani hakutamaliza haja ya ujuzi huu. Siku moja utapigiwa simu na mtu atakayekuahidi kazi nzuri, ila utume kwanza pesa ya usajili leo hii, maana nafasi zinaisha. Dai analo na sababu anayo. Ushahidi uko wapi? Na dhana aliyoificha ni ipi? Aliyezoea kuuliza hivyo kwenye karatasi ataweza kuuliza hivyo kabla ya kutuma akiba ya wazazi wake.

Sasa rudi mwanzo wa makala hii ukiwa na kalamu. Tafuta dai langu, sababu zangu, ushahidi wangu na pingamizi nililolijibu. Ukiona mahali nimedai bila kuthibitisha, andika pembeni. Ndivyo ninavyotaka uisome insha yako usiku wa kuamkia mtihani.