Funguo Tatu

Kila anayeishi Uvira analijua sanduku la AVEC, vikundi vya akiba na mikopo. Ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zake wanazo watu watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Akiba ya akina mama wa sokoni, daftari la mikopo, faini za waliochelewa kikao, vyote vimo humo. Ni utaratibu mzuri, na umewapa watu wasio na benki mahali pa kuweka franga zao bila hofu ya kuibiwa. Lakini aliyeubuni alimfikiria mwizi. Hakuifikiria siku ambayo mwenye ufunguo wa kwanza amevukia Gatumba, upande wa Burundi, kwa miguu, wa pili ameshapanda mashua ya kwenda Baraka, wa tatu simu yake haiiti, na sanduku limebaki kwa mama mwenye watoto watano, hajui alibebe au alifukie.

Siku hiyo tumeiona. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukapita katikati ya nyumba za watu, ukaua makumi na kuwaacha maelfu bila makazi. Ziwa Tanganyika nalo lilipanda mwaka 2021, likapanda tena 2024, likaingia nyumba za ufukweni na bandari ya Kalundu. Februari 2025 Bukavu iliingia mikononi mwa waasi wa M23 na wakimbizi wakamiminika huku kwetu. Desemba mwaka huohuo vita vikaingia Uvira yenyewe.

Huwa naambiwa kwamba mtu hawezi kujipanga kwa jambo asilolijua. Sikubali. Ni kweli hatujui kitakachokuja, maji au risasi au ugonjwa, lakini kitakavyoiathiri timu yetu tunajua vizuri: kitatutawanya, na simu zitanyamaza. Kila balaa niliyoitaja hapa ilifanya hayo mawili. Basi swali la kujipanga nalo ni moja. Tukitawanyika leo usiku, nani ana ruhusa ya kuamua nini?

Mwaka 2020 nilikuwa katika timu iliyokuwa na madumu ya klorini kwenye depo. Mwenye ufunguo alikuwa ng'ambo ya mto, na mto haukupitika. Kuvunja kufuli kulihitaji kibali cha mkubwa wetu, naye alikuwa Bukavu, hapatikani. Mpango wa dharura tulikuwa nao, umechapwa, umegongwa muhuri, una kurasa nyingi. Hakukuwa na hata ukurasa mmoja uliosema nani afungue mlango ikiwa mwenye ufunguo hayupo. Tulisubiri, na watu wakaendelea kunywa maji ya mtoni. Hapakuwa na mtu mbaya kati yetu. Jambo hilo bado linaniuma.

Klorini ile ina maana yake kwetu. Maji ya Regideso, shirika la maji la serikali, yakikatika, watu huchota ziwani na mitoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliopitia rekodi za Uvira za miaka ya 2009 hadi 2014, ulikuta kwamba katika siku 12 zinazofuata siku ya bomba kukauka kabisa, idadi ya wanaolazwa kwa kushukiwa kipindupindu huzidi maradufu. Hiyo ni dalili inayoonekana na kila mtu mwenye bomba. Timu ya afya ikishakubaliana mapema kwamba bomba likikauka siku nzima reco, yaani wahudumu wa afya wa jamii, wa kila kartie (mtaa) wanaanza kugawa dawa ya maji siku hiyohiyo, bila kungoja barua, kipindupindu kitawakuta wameshaanza kazi. Hata kupanda kwa ziwa si jambo geni. Lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga kule Kalemie, na wazee wanakumbuka lilivyopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kigumu katika kukubaliana mapema hivyo, kwa niliyoyaona, ni wakubwa. Mkuu wa ofisi akimfundisha karani kazi yake, huhisi anakiachia kiti. Mwenye kuweka saini hapendi saini ya pili. Nawaelewa, maana hapa kwetu cheo ndicho mkate wa watoto. Lakini kiongozi ambaye kazi yake inakufa siku anapokosa mtandao amewaweka watu wake hatarini, hata kama ni mtu mwema.

Makala za toleo hili zinazungumzia vikundi vya akiba, wavuvi, waalimu na wauguzi wa pwani hii, kuanzia Kalundu hadi bonde la Ruzizi. Sisi wenyewe tumeanza na kidogo. Namba za waandishi wote sasa zimeandikwa kwenye karatasi, nakala nne, moja ikiwa Bujumbura. Kila ukurasa una watu wawili wanaoweza kuumaliza. Na ufunguo wa kabati yetu nimeutengenezea wa pili. Anao msichana mdogo kuliko wote ofisini, na ameambiwa asiniulize.