Maktaba ya Mtaa Si ya Watoto wa Shule Peke Yao

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya nyumba ambayo wengi wetu twapita mlangoni pake kila siku bila kugeuza shingo, nayo ni maktaba ya mtaa. Wakazi wa mashariki ya Nairobi wanazo kadhaa: iko ya Kaloleni, iko ya Makadara, na iko ya Buruburu iliyoanzishwa na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Lakini ukimwuliza mzee mwenye nyumba katika mitaa hiyo kama amepata kuingia humo, mara nyingi atakujibu, "Hiyo ni ya watoto wa shule." Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Yafaa tukumbuke zilikotoka. Maktaba ya McMillan, iliyo katikati ya mji, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo akasoma. East African Literature Bureau, iliyoanza kazi mwaka 1948, ilijaribu kuziba pengo kwa kupeleka masanduku ya vitabu huku na huko na kuazimisha vitabu kwa posta. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha maktaba za taifa. Maktaba za Kaloleni na Makadara ni matawi ya ile ya McMillan, nazo zilichakaa sana mpaka shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilipozikarabati kwa mapatano na serikali ya kaunti. Basi mlango uliofungwa mbele ya babu zetu sasa u wazi, nasi twaupita kwenda zetu.

Ni kweli kwamba wanafunzi huzijaza, hasa mitihani inapokaribia. Wengi wao hawagusi hata kitabu kimoja cha rafuni. Waja na madaftari yao, kwa kuwa nyumbani ni chumba kimoja, watu sita na redio moja inayopiga kelele. Siwalaumu hata kidogo. Kiti, meza, taa na utulivu ni huduma kubwa kwa mtoto wa namna hiyo. Lakini vitabu vile havikununuliwa kuwa pambo la ukuta, na mtu mzima ana haja navyo kama mtoto.

Watu wengine huona haya kwa sababu hawajui pa kuanzia, na rafu ni nyingi. Tazama mgongo wa kitabu: katika maktaba zetu nyingi utaona nambari. Mpango huo ulitungwa na Mmarekani Melvil Dewey, aliyeuchapisha mwaka 1876, nao ni mwepesi kuliko unavyodhani. Penye 630 utakuta kilimo na ufugaji; penye 340 ni sheria; penye 641 ni vyakula na mapishi; na penye 657 ni hesabu za biashara, ambazo mama mwenye duka la rejareja angefaidika nazo kuliko mkopo wa pili. Ukishaijua nambari ya jambo lako, waweza kuingia maktaba ngeni ukaenda moja kwa moja kwenye rafu yako. Ukishindwa, mwulize mkutubi. Kuulizwa ndiyo kazi yake, wala hakuna swali lililo dogo mno.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kupita yote. Kuna chapisho liitwalo Gazeti Rasmi la Kenya, litokalo kila Ijumaa, ambalo watu wa mitaani hulidhania kuwa ni la mawakili. Humo hutangazwa maombi ya kurithi mali ya marehemu, na mwenye pingamizi hupewa siku 30 za kuileta mahakamani. Humo pia hutangazwa hati za mashamba zinazodaiwa kupotea, na siku 60 zikipita pasipo mtu kupinga, hati mpya yaweza kutolewa. Mfikirie basi mtu anayeishi Kaloleni, ambaye shamba la marehemu baba yake liko Siaya au Machakos. Ndugu mmoja huko nyumbani akiomba urithi peke yake, au mtu mwingine akidai kwamba hati imepotea hali imo sandukuni kwa mama, tangazo litatolewa waziwazi, siku zitahesabiwa, naye huyu wa mjini atapata habari siku ile mpaka unapopimwa. Kupinga baada ya hapo kwawezekana, lakini ni safari ndefu ya mahakamani na gharama nyingi. Mwulize mkutubi kama Gazeti hilo linapatikana pale, au katika maktaba kubwa zaidi. Na penye kompyuta, akuonyeshe namna ya kulisoma katika mtandao. Nusu saa kila wiki yatosha kupitia majina na nambari za mashamba.

Kompyuta hiyo hiyo yafaa kwa mengine. Maombi mengi ya serikali sasa hupitia mtandao wa eCitizen, na kuna vijana barabarani wanaotoza fedha kwa kazi ambayo mtu ajuaye kusoma aweza kujifanyia mwenyewe. Jaza fomu yako pale polepole, ukifunge kabisa ukurasa wako kabla ya kuinuka, wala usimwachie mtu neno lako la siri. Kisha, ikiwa yakulazimu kufika mwenyewe, Makadara kuna Huduma Centre, moja ya vituo vilivyofuata kile cha kwanza kilichofunguliwa Nairobi mwaka 2013. Nenda na hati zako za asili pamoja na nakala, ili usirudishwe.

Limebaki la fedha. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezitaja maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Maana yake ni kwamba vitabu vipya vyashindana na mitaro, taa za barabarani na zahanati katika makadirio yale yale, ambayo sheria yataka yafikishwe katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, mwaka wa fedha ukianza tarehe 1 Julai. Wananchi huitwa watoe maoni. Nani huizungumzia maktaba katika mikutano hiyo? Mtoto wa shule hawezi, na mkutubi ni mtumishi. Hesabu ya waliotia jina katika daftari la mlangoni ndiyo silaha yake ya pekee, kwa hiyo uingiapo usione taabu kuandika jina lako, hata kama wapitia gazeti tu.

Mkutano ukiitwa katika wadi yako, nenda na kadi yako ya uanachama mfukoni, usimame, umwulize Mwakilishi wa Wadi maswali mawili: mwaka huu zimetengwa shilingi ngapi za kununua vitabu, mbali na mishahara, na je, Jumamosi alasiri, wakati mfanyakazi anapopata nafasi, mlango utakuwa wazi?