Shemizi inafia kwenye mlima, si kwa garaji



Sisi ni watu wa mbegu na udongo. Lakini tukizunguka kwa vikundi, kutoka Saio hapa Bunia mpaka upande wa Bogoro na Kasenyi, swali linalorudi siku hizi si la mbolea tena. Wababa na wamama wanauliza: gari ya koperative imekufa moteri, fundi anaomba makuta, tulipe ao tusilipe? Tomati na kabichi haziwezi kungoja jibu. Ndiyo maana leo tunasema juu ya moteri.

Wazo letu ni hili. Mara nyingi moteri haiharibiwi na uzee. Inaharibiwa na namna koperative inavyomlipa dereva. Kisha makuta ya kuitengeneza inatoka kwenye sanduku bila mtu kuona kipimo hata kimoja.

Tuanze na chuma chenyewe. Zamani bloku ya moteri ilikuwa ya fonti, chuma kizito. Leo gari nyingi ndogo ziko na bloku ya aluminiumu, ndugu ya ile ya sufuria zetu. Iko nyepesi, na gari inakula esansi kidogo. Lakini aluminiumu ya kawaida ni laini, pistoni ingeila haraka. Kwa hiyo ndani ya silinda wanaweka bomba jembamba la fonti. Hiyo ndiyo shemizi. Huko Marekani, General Motors walijaribu kuiacha kwenye Chevrolet Vega, iliyoanza kuuzwa mwaka 1970. Moteri nyingi zilichemka na kuanza kula mafuta, na dawa moja iliyotumika ilikuwa kuzitia shemizi za chuma.

Sasa tazama moteri 1NZ-FE, ile ya Toyota Probox nyingi. Shemizi zake zimeshikamana na bloku tangu kiwandani, na kati ya silinda mbili kuna milimita 8 tu. Toyota hawakuzitengeneza ili zipanuliwe. Fundi aliyezoea bloku za fonti anaweza kusema: tupanue silinda, tuweke pistoni kubwa. Kwa moteri ya fonti ni kazi ya kawaida. Kwa hii, ukuta wa shemizi unabaki mwembamba sana, na makuta ya koperative imepotea.

Na shemizi inaharibikaje? Kwa joto. Aluminiumu ikipata moto inapanuka karibu mara mbili kuliko fonti. Moteri ikichemka kupita kiasi, kichwa chake kinapinda, jwani inaachilia maji, mafuta yanashindwa kulainisha, na pistoni inakwangua shemizi. Ikipoa, silinda inaweza kuwa haiko tena duara.

Barabara yetu inajua jambo hilo. Kasenyi iko kando ya Ziwa Albert, kwenye mita karibu 620. Bunia inapita mita 1200. Gari iliyojaa samaki na mihogo inapanda mlima huo kwa gia ya chini, upepo kidogo, jua kali. Na huku juu, maji yasiyofungiwa yanachemka kwenye digrii karibu 96, hayafiki 100. Ndiyo maana kifuniko cha radiateri kilichochoka, kisichoshika tena nguvu ya maji, ni hatari kama radiateri iliyotoboka.

Dereva anaona mshale wa joto unapanda. Anajua anapaswa kusimama. Lakini analipwa kwa safari, na akichelewa soko, komite inamfokea mbele ya watu. Basi anasukuma mpaka Bogoro. Pale anamwaga maji baridi kwenye moteri ya moto, anaendelea. Je, ni nani ameua shemizi? Tunaona si haki kumkata dereva mshahara kwa kosa ambalo sheria ya koperative inamlazimisha kulifanya.

Wengine watatujibu: mizigo ikichelewa, tunapoteza bei. Ni kweli. Lakini kusimama nusu saa kunapoteza bei ya siku moja. Moteri ikikufa, ni msimu mzima, na mtakodi gari ya watu kwa bei yao.

Wengine watasema: mambo ya moteri ni ya fundi, mkulima hajui. Hapo hatukubali. Mnunuzi akikadiria gunia lako kwa macho, unakataa, unaomba mizani. Fanyeni vile vile kwa garaji. Moshi wa buluu unaonyesha mafuta yanaungua, lakini hausemi yanapitia wapi. Fundi apime nguvu ya mgandamizo kwa kila silinda. Kisha atie mafuta kidogo ndani ya silinda iliyo dhaifu na apime tena. Nguvu ikipanda, ugonjwa uko kwenye segma ao shemizi. Isipopanda, inawezekana ni valvu ao jwani, na hakuna sababu ya kugusa shemizi. Moteri ikifunguliwa, silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa pande mbili, na namba ziandikwe kwenye karatasi. Shemizi ikiwa bado nzuri, segma mpya zinaweza kutosha. Ikiwa imechoka, bei ya kuweka shemizi mpya kwenye mashini ya kweli ilinganishwe na bei ya moteri nyingine.

Kwa mkutano mkuu unaokuja tunaomba mpigie kura mambo matatu. Dereva akisimama juu ya joto, asipoteze mshahara. Hakuna malipo ya kutengeneza moteri bila vipimo vilivyoandikwa, na mtunza sanduku avisome kwa sauti mbele ya wanachama. Na moteri isifungwe kabla ya kupata sababu ya joto: radiateri, kifuniko, pampu ya maji, feni. Ukiweka shemizi mpya na kuacha radiateri iliyoziba, umepanda mbegu nzuri kwenye shamba lenye moto.

Gari ilinunuliwa na michango ya wote. Wote wana haki ya kujua inakufa na nini.