Kikao kisiwekwe siku ya bamvua

Nina neno kutoka huku Munje, pwani ya Kwale. Mpango wa FLLoCA, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na wengine, unataka miradi ya tabianchi ianzie kwa kamati za wadi. Safi kabisa. Lakini vikao vyenyewe huitishwa lini? Siku za bamvua pwani yetu maji hukupwa mwendo wa saa nne asubuhi, na saa hiyo kina mama wako mwambani na fimbo zao, wanatafuta pweza. Ukiita kikao saa nne watakuja wengine, si wale wanaojua matumbawe yamekufa wapi. Subirini maji mafu.

Wenzetu wa Kinango, bara ya kaunti yetu, wana ukame, sikatai visima na mabwawa yaende kwao. Ila na ufuo uandikwe kwenye mipango hiyo. Jirani zetu wa Gazi wanauza hewa ya kaboni ya mikoko tangu 2013 kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja. Mafunzo yako hapo, si lazima semina ya Naivasha.

Na rasimu ya miradi ya wadi ibandikwe kwenye banda la BMU, kikundi cha usimamizi wa ufuo, kwa Kiswahili, kabla bajeti haijapitishwa.