Joto la Chumbani Lisivunje Penzi

Mwezi huu naomba tuongelee kitu kinacholeta kasheshe kimya kimya kwenye vyumba vya wapendanao wengi: joto. Mmoja anataka pangaboi lizunguke namba tano, mwenzake amejifunika shuka mpaka puani. Mmoja anafungua dirisha, mwingine analalamika mbu. Saa saba usiku mtu anabeba mto wake anahamia sebuleni, na asubuhi chai inanywewa bila maneno.

Nina rafiki zangu, mke na mume, wote wafanyakazi, wanaishi Magu mjini kwenye nyumba yao waliyohamia kabla haijaisha. Si unajua mambo yetu: bati limeezekwa, milango ipo, dari "tutaweka taratibu." Mke akapata ujauzito, na alipofika mwezi wa saba usingizi ukamkimbia. Chandarua akakifunga juu kabisa. "Dada, ndani ya neti ni kama ndani ya chungu," aliniambia. Mume, kwa mapenzi yake yote, akachukua mkopo kazini akaleta kiyoyozi cha BTU 9,000. Wiki ya tatu walikuwa hawaongei vizuri. Yuniti za LUKU zinayeyuka, chumba bado cha moto, na kila mmoja anamwona mwenzake ndiye tatizo.

Nilipowatembelea nikainua macho, nikaona bati tupu. Kiyoyozi kile kilikuwa kinapoza bati la Magu, yaani mashine imepewa kazi isiyokwisha.

JOTO LINATOKA WAPI?

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna bahati ambayo watu wa Dar hawana. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wetu hupoa. Hata Septemba na Oktoba, tukisubiri mvua za vuli, ukitoka nje saa sita usiku unasikia kaubaridi. Ubaridi upo, ila nyumba zetu haziuruhusu kuingia.

Magu iko karibu sana na ikweta, hivyo jua la mchana linapiga paa moja kwa moja. Bati ni jembamba, linapitisha joto lote ndani. Jioni jua likishuka linapiga ukuta wa magharibi, na tofali za saruji zinahifadhi joto hilo na kulitoa taratibu mpaka usiku wa manane. Kama kichwa cha kitanda chenu kimeegemea ukuta huo, mnalala mmekumbatia jiko.

Wazee walilijua hili. Nenda Bujora, pale Kisesa, wilaya yetu hii hii ya Magu, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri Mkanada, David Clement. Tazama nyumba ya duara yenye paa la nyasi. Nyasi zina hewa nyingi katikati yake, na hewa iliyotulia hailipitishi joto kirahisi. Sisemi turudi kwenye nyasi, jamani. Ninachosema ni kwamba ukiweka bati bila dari, umetoa kinga ya babu na hujaweka nyingine.

USIMLAUMU MWENZIO

Halafu kuna suala la miili. Mwanamke mjamzito husikia joto zaidi, kwa kuwa mwili wake unafanya kazi ya watu wawili. Hata asiye mjamzito, joto la mwili wake hupanda kidogo baada ya yai kupevuka, karibu nusu nyuzi. Kwa hiyo mkeo akisema "nawaka moto" na wewe unatetemeka, wote wawili mnasema ukweli.

Na hapa ndipo joto linapoacha kuwa utani. Watu wengi huacha chandarua kwa sababu ya joto, na Kanda ya Ziwa malaria bado ipo kwa wingi. Kwa mama mjamzito malaria huleta upungufu wa damu, na mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Kupoza chumba si anasa ya wenye hela. Kunamrudisha mtu ndani ya neti.

Kwenye kijiji cha Magoda, mkoani Tanga, katikati ya miaka ya 2010 watafiti walijenga nyumba sita za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu za kuzuia mbu. Nyumba hizo zilikuwa na joto pungufu na mbu wachache kuliko nyumba za kawaida za pale. Ina maana hewa na kinga vinaweza kukaa pamoja.

ANZA JUU, SHUKA CHINI

Ukiwa na laki kadhaa, fuata mpangilio huu.

Kwanza, dari. Iwe ya jipsamu au silingi bodi ya kawaida, weka chumba cha kulala kwanza, sebule itasubiri. Acha matundu ya hewa kwenye pembe za paa na uyafunge kwa wavu, la sivyo popo watahamia bure. Kama bado hujaezeka, chagua bati la rangi ya kung'aa. Msauzi wa maruni unapendeza kwenye picha, lakini rangi nzito hunywa jua.

Pili, madirisha. Haya ya aluminiamu ya kusukuma yanafunguka nusu tu, kwa sababu kioo kimoja kinakaa nyuma ya kingine. Dirisha la kufunguka lote, lenye wavu mzima, linaingiza hewa maradufu. Na chumba kiwe na mahali hewa inapoingia na inapotokea.

Tatu, kivuli. Panda mti upande wa magharibi, kisha hamisha kitanda kitoke kwenye ukuta ule. Kuhamisha kitanda hakuna gharama.

Nne, pangaboi. Kama linazunguka kivivu au mpaka ulisukume kwa fimbo, mara nyingi ni kapasita iliyochoka, kitu cha bei ndogo. Mwambie fundi aiangalie kabla hujanunua jipya.

Kiyoyozi kiwe cha mwisho. Piga hesabu: pangaboi la wati 70 kwa saa 10 kila usiku linakula yuniti 21 kwa mwezi. Kiyoyozi cha wati 900 kikifanya kazi bila kupumzika kwa saa 8 ni yuniti 216. Kwa bei ya shilingi 292 kwa yuniti, ambayo EWURA iliipanga mwaka 2016 kwa matumizi ya kawaida, ya kwanza ni shilingi 6,132 na ya pili ni 63,072, kabla ya kodi na tozo. Chumba chenye dari na milango inayofunga vizuri huipa mashine nafasi ya kupumzika, na bili inashuka.

UKISHANACHO, KITUNZE

Safisha chujio kila baada ya wiki mbili. Vumbi letu la kiangazi na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi hawana huruma. Weka nyuzi 25 au 26 na pangaboi pole pole. Kuweka 16 hakuongezi kasi ya kupoza, kunaongeza bili. Funga pia gadi ya umeme, maana umeme ukikatika na kurudi ghafla compresa ndiyo inayoumia.

Na fundi akikwambia kila baada ya miezi mitatu "gesi imeisha, bosi," usikubali. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya kupikia. Ikipungua, kuna mahali panavuja, na pazibwe kwanza. Ukinunua cha mtumba, kiepuke chenye gesi ya R22, kwa kuwa dunia inaiondoa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987.

Wale rafiki zangu? Walizima kiyoyozi, wakaweka dari chumba kimoja, wakageuza kitanda, wakafunga pangaboi. Mama kijacho akarudi ndani ya neti wiki ile ile. Kiyoyozi sasa kinawashwa saa moja jioni, kinazimwa wakipanda kitandani.

Jumamosi hii, kaeni wawili na kalamu. Kila mmoja aandike saa anayosikia joto na upande gani wa chumba, kisha mlinganishe kabla ya kufungua pochi. Mtashangaa jinsi mabishano ya miezi yanavyogeuka kuwa orodha ya kazi za fundi.

Nawatakia usingizi mwanana. Tukutane mwezi ujao!