Dadu Haina Deni

Katika michezo ichezwayo mezani na barazani, hapana kitu kinacholaumiwa bila ya hatia kuliko dadu. Kwani mtu aliyekaa kwenye ubao wa Ludo, akarusha mara ya nane na ya tisa bila ya kupata sita, ilhali kete zake nne zimefungika nyumbani na za wenzake zimekwisha kuzunguka, aghalabu huamini mojawapo ya mambo mawili: ama kwamba dadu ile imeingiwa na hila, au kwamba sita yake sasa imeiva na haina budi kutoka katika mrusho ujao. Toleo hili, tulilolitenga kwa michezo ya nasibu na hisabu yake, tunalifungua kwa kudai kwamba itikadi zote mbili ni batili, na kwamba ile ya pili, ijapokuwa ina sura ya upole, ndiyo yenye madhara zaidi.

Maadamu dadu imechongwa kwa insafu, kila uso wake una sudusi moja ya kutokea, baada ya mirusho tisa mitupu sawasawa na katika mrusho wa kwanza; haina kumbukumbu, wala haina deni la kumlipa mtu. Hebu tuihisabu taabu ya yule mchezaji. Uwezekano wa kukosa sita katika mrusho mmoja ni sehemu tano kati ya sita, na wa kukosa mara kumi mfululizo ni takriban 16 katika mia. Kwa mtu mmoja hilo ni jambo la nadra kiasi. Lakini mezani wamekaa wanne, na uwezekano kwamba angalau mmoja wao atapitisha zamu kumi bila ya sita ni zaidi kidogo ya nusu! Basi anayejiona ameandamwa na nuhusi hakurogwa wala hakudhulumiwa na yeyote.

Elimu hii ilianzia kwenye meza za wacheza kamari wa Ulaya. Girolamo Cardano, tabibu wa Kiitalia aliyefariki mwaka 1576, aliandika kitabu juu ya dadu ambacho hakikupigwa chapa ila mwaka 1663. Na mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana nyaraka zilizoitia elimu hiyo msingi. Lakini kisa tukipendacho sisi ni cha Galileo Galilei, aliyeletewa swali mwanzoni mwa karne ya 17: dadu tatu zikirushwa pamoja, jumla ya tisa hupatikana kwa michanganyiko sita ya tarakimu, na kumi kadhalika kwa sita, mbona basi wachezaji wazoefu huiona kumi ikitokea mara nyingi zaidi? Galileo alijibu kwamba kinachopasa kuhisabiwa si michanganyiko, bali njia za kuifikia. Tatu, tatu na tatu hutokea kwa njia moja tu, kwa sababu kila dadu haina budi kuonyesha tatu. Lakini moja, mbili na sita hutokea kwa njia sita, kwa kuwa yoyote kati ya dadu tatu yaweza kuibeba ile sita, na yoyote kati ya mbili zilizosalia yaweza kuibeba ile mbili. Ukizihisabu hivyo, tisa ina njia 25 na kumi ina 27, katika jumla ya 216. Tofauti haifiki hata moja katika mia, nayo macho ya wachezaji yalikwisha kuing'amua, wakawa wanangoja tu kuambiwa sababu yake.

Tunajua kwamba wanazuoni wengi wameikataza dadu hata pasipo fedha, na kamari ni haramu bila ya shaka, hatubishani nao. Hoja yetu yaelekea upande wao, kwa maana aliyejifunza hisabu hii hatadanganyika kwamba hasara ya jana inamstahikisha faida ya leo, na uwongo huo ndio umpelekao mcheza kamari kuuza hata kitanda alalacho.

Wapo pia mafundi wa bao, mchezo wetu wa mashimo 32 na kete 64 usiotegemea nasibu hata chembe, wanaodhani kwamba mchezo wa dadu ni wa wavivu wa akili. Hawa tunawapinga. Katika Ludo, kete iliyo hatua tatu mbele ya adui ina hatari ya sudusi moja; iliyo hatua saba mbele yake haipigwi ila adui apate sita, arushe tena, apate moja, yaani njia moja katika 36. Aliyechagua kusimama kwenye hatua ya saba, kisha akapigwa, alichagua vema. Na kuupima uamuzi kwa yale yaliyojulikana ulipofanywa, wala si kwa yaliyotokea baadaye, ni kazi ngumu ambayo bao haliifundishi.

Kwa hiyo, kabla ya kuzifungua kurasa zifuatazo, tunamwomba msomaji atwae karatasi, aandike kwa mkono wake njia zote 36 za dadu mbili, kisha ahisabu ni ngapi zitoazo saba na ni ngapi zitoazo kumi na mbili. Na waalimu wa hisabati tunawasihi waifanye kazi hiyo hiyo darasani pamoja na wanafunzi wao.